Nafasi ya Masomo Isipotee kwa Kimya

Kila mwaka, kabla ya muhula mpya kuanza mwezi Oktoba au Novemba, vyuo vikuu vyetu hutoa barua za udahili kwa watu walioomba kusomea shahada za uzamili na uzamivu. Barua hizo hupokewa kwa furaha, na furaha hiyo ni ya haki, kwa maana kila mtaalamu anayepatikana ni faida kwa Taifa zima. Lakini katikati ya furaha hiyo limo jambo moja ambalo halizungumzwi inavyostahili. Nalo ni hali ya yule mwananchi aliyekubaliwa na chuo, anayeitaka nafasi yake kwa moyo wote, lakini ambaye kwa sababu za kweli hawezi kwenda mwaka huu.

Watu wa namna hii ni wengi kuliko inavyodhaniwa, na wengi wao hufanya jambo moja, yaani hunyamaza. Hawakiandikii chuo kukataa wala kuomba wasubiriwe. Siku ya kujiandikisha hupita, kiti hukaa kitupu, na baada ya mwaka mmoja mtu huyo huanza tena kutuma maombi kana kwamba hakuwahi kukubaliwa. Sisi tunasema kwamba mwenendo huu una hasara kwa kila upande, na kwamba upo utaratibu ulio bora zaidi. Utaratibu huo ni kukiomba chuo, kwa maandishi na kwa wakati, kiahirishe udahili hadi mwaka unaofuata.

Kwanza hapana budi tuelewane juu ya maana ya nafasi ya masomo. Nafasi ya uzamili haifanani na tiketi ya basi, ambayo abiria asipotokea kiti chake huuzwa njiani. Chuo kinapomkubali mtu, kimekwisha kupanga mhadhiri wa kumfundisha, na kwa wale wa utafiti kimekwisha kumtafuta msimamizi ambaye ana idadi maalumu tu ya wanafunzi anaoweza kuwaongoza. Wahadhiri hao katika vyuo vya umma hulipwa kutokana na jasho la wakulima na wafanyakazi wa nchi hii. Kiti kinachokaa kitupu kwa sababu ya kimya cha mtu mmoja ni mali ya umma iliyopotea, na nyuma ya kiti hicho yupo mwombaji mwingine aliyenyimwa nafasi ambayo mwisho wake hakuna aliyeitumia.

Tutazame sasa ni nani hasa hujikuta katika hali hii. Tuchukue mfano wa daktari katika hospitali ya wilaya iliyo mbali na makao makuu ya mkoa. Amekubaliwa kusomea udaktari bingwa wa akina mama na uzazi, masomo ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Hospitalini kwake hakuna mwingine anayeweza kumfanyia mama mjamzito upasuaji usiku wa manane. Akiondoka mwezi Oktoba bila mtu wa kushika nafasi yake, wapo akina mama watakaolipa gharama ya masomo yake kwa maisha yao. Asipokwenda kabisa, wilaya hiyo itakosa daktari bingwa kwa miaka mingi ijayo. Katika hali kama hii jibu la busara si kukimbilia chuoni, wala si kuichana barua ya udahili. Jibu la busara ni kuomba mwaka mmoja, ili mwajiri atafute mtu wa kushika zamu na daktari huyo aende akiwa na moyo mtulivu.

Yupo pia mwalimu au ofisa kilimo aliyeajiriwa na halmashauri. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mpango wa mafunzo wa watumishi hupaswa kuwa umekwisha kuandaliwa pamoja na bajeti kabla ya tarehe hiyo. Barua ya chuo ikimfikia mtumishi mwezi Agosti au Septemba, jina lake halimo katika mpango, fedha hazikutengwa, na mkurugenzi hana fungu la kutoa. Mtumishi huyu akiomba kuahirisha udahili, anapata muda wa kuingizwa katika mpango wa Julai inayofuata. Akiondoka bila ruhusa, anahatarisha ajira yake. Hapa kuahirisha ni kuzilinganisha kalenda mbili ambazo kwa asili yake hazikutani, yaani kalenda ya chuo na kalenda ya bajeti.

Yupo mama aliyepokea barua ya udahili naye amekaribia kujifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Ikiwa nchi imekubali kwamba kazi inaweza kumsubiri mama, haieleweki kwa nini darasa lishindwe kumsubiri. Na yupo kijana ambaye ada bado haijatimia. Sehemu kubwa ya mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwaendea wanafunzi wa shahada ya kwanza. Msomaji wa uzamili mara nyingi hujilipia, au hulipiwa na ndugu waliochangishana. Kijana huyu akianza masomo na nusu ya fedha, huenda akazuiwa kufanya mtihani na akarudi nyumbani katikati ya mwaka bila fedha na bila shahada. Wahenga walisema kawia ufike.

Wako watakaosema kwamba fikra ya kumsubirisha mtu kuingia chuoni ni mtindo mpya ulioletwa na maisha ya siku hizi. Hilo si kweli. Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio ambalo, pamoja na mambo mengine, lilibadili kabisa njia ya kuingia Chuo Kikuu. Vijana waliomaliza kidato cha sita hawakwenda tena moja kwa moja katika mihadhara. Walitakiwa kwanza kufanya kazi, na wapate maoni mazuri kutoka mahali pao pa kazi, ndipo wafikiriwe. Kwa maneno mengine, Taifa zima liliahirisha udahili kwa makusudi, likiamini kwamba mtu aliyekwisha kuionja kazi atajua anachokwenda kukitafuta darasani.

Utaratibu huo haukudumu, na hatuna nia ya kudai urudishwe. Lakini umetuachia mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mwaka wa kungoja, ukitumiwa vizuri, hauharibu akili ya msomi, na wengi waliopitia njia hiyo walikuja kuwa walimu, wahandisi na viongozi wa kutegemewa. La pili ni kwamba kungoja hakuwagharimu watu wote sawasawa. Wasichana waliorudi majumbani kungoja walikutana na shinikizo la kuolewa na majukumu ya familia, na idadi yao chuoni ikapungua, hata ikabidi sharti hilo lilegezwe kwao baada ya muda usio mrefu. Kwa hiyo uamuzi wa kungoja unapaswa kuwa wa mwombaji mwenyewe kwa sababu zake, na uwe na tarehe ya mwisho inayojulikana tangu siku ya kwanza.

Funzo la karibu zaidi tulilipata mwaka 2020. Kutokana na maradhi ya korona vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa mwezi Machi, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika nchi nyingi za nje mipaka ilifungwa na balozi zikasimamisha kutoa viza, na vyuo vingi viliwaruhusu wanafunzi wapya kusogeza mbele tarehe ya kuanza. Vyuo hivyo havikufa kwa kufanya hivyo. Kumbe jambo linawezekana, ikiwa pana nia na pana utaratibu. Swali letu ni hili: ikiwa liliwezekana dunia nzima ilipopata msiba, kwa nini lionekane kuwa muhali pale msiba unapomfika mtu mmoja?

Hata hivyo haki ya kuomba ina wajibu wake, na hapa tunapenda kuwaambia vijana wetu waziwazi. Chuo hakilazimiki kukubali. Udahili ni ahadi ya mwaka fulani, na anayeomba ahadi hiyo isogezwe mbele ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini. Wapo watu wanaoomba kuahirisha kwa sababu tu wamekubaliwa na vyuo viwili, nao wanataka kukishika kimoja kwa mkono wa kulia na kingine kwa mkono wa kushoto. Wapo wengine wanaongoja kuona kama watapata cheo. Hao wanawadhulumu wenzao, na ombi lao likikataliwa wasilalamike.

Mwenye sababu ya kweli aandike mapema. Barua inayofika chuoni wiki sita kabla ya muhula humpa msajili nafasi ya kumwita mwombaji mwingine. Barua inayofika wiki tatu baada ya masomo kuanza haimsaidii mtu yeyote. Iandikwe kwa ofisi inayoshughulikia masomo ya uzamili, na nakala apewe mkuu wa idara, kwani idara ndiyo inayojua kama masomo hayo yatafundishwa mwaka ujao. Kuna shahada ambazo hazifunguliwi kila mwaka, na anayeahirisha bila kuuliza anaweza kurudi akakuta mlango umefungwa. Kwa mwanafunzi wa utafiti, ni lazima msimamizi wake aarifiwe kwanza, maana mwaka ujao anaweza kuwa likizoni, amestaafu au amejaza idadi ya wanafunzi wake.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Itaje jina kamili la mwombaji, namba yake ya udahili na shahada aliyokubaliwa. Ishukuru kwa nafasi, na iseme wazi kwamba mwandishi anaikubali na anakusudia kuitumia. Ieleze sababu kwa sentensi mbili au tatu, bila kusimulia maisha yote ya ukoo, na iambatishwe na ushahidi: barua ya mwajiri, cheti cha daktari, au maelezo ya mfadhili. Itaje mwezi na mwaka ambao mwombaji ataripoti. Tena ioneshe kwamba kikwazo kilichopo leo kitakuwa kimeondoka siku hiyo, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza ambalo kamati ya chuo hujiuliza. Anayeandika kwamba ataripoti "hali itakaporuhusu" ameomba asahauliwe.

Baada ya kutuma, mwombaji asijihesabu kuwa ameruhusiwa mpaka apate jibu la maandishi. Neno la karani katika simu si ruhusa, na ukimya wa ofisi si ruhusa vilevile. Katika jibu hilo atafute mambo matatu: tarehe mpya ya kuripoti, kama ada itakuwa ya mwaka huu au ya mwaka ujao, na kama malipo aliyokwisha kutoa yatahesabiwa. Atunze nakala. Viongozi wa ofisi hubadilika, na mtu wa kwanza kuulizwa ilipo barua atakuwa ni yeye mwenyewe.

Aidha ni vizuri kutofautisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuahirisha udahili ni kwa mtu ambaye bado hajajiandikisha. Aliyekwisha kujiandikisha na kuanza masomo huomba kusimamisha masomo, na kanuni zake ni nyingine. Na ufadhili ni jambo la tatu kabisa. Chuo kinaweza kukubali kumsubiri mtu huku mfadhili akikataa. Ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, kwa mfano, hauahirishwi kwenda mwaka mwingine, na anayeuacha huomba upya pamoja na wengine wote. Kwa hiyo mwenye mfadhili aanze kumuuliza mfadhili, ndipo akiandikie chuo.

Wanaokwenda nje ya nchi wana jambo la kuongeza. Viza ya mwanafunzi hufungamana na tarehe ya kuanza masomo. Nchini Marekani hati ya chuo iitwayo I-20 hutaja tarehe hiyo, na ikibadilika ni lazima hati irekebishwe au itolewe nyingine. Nchini Uingereza uthibitisho wa chuo unaotumika kuombea viza hudumu miezi sita tu. Tena katika vyuo vingi vya Marekani uamuzi wa kuahirisha huachiwa idara, na idara nyingi humtaka mtu aombe upya, hasa pale alipoahidiwa posho ya kufundisha. Mwaka mmoja wa kusubiri unaweza kumrejesha mtu mwanzo wa safari, na ni heri ajue hivyo kabla ya kuamua.

Hadi hapa tumesema na waombaji. Sasa tuseme na vyuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 wa sheria. Katika chuo cha watu 14 msajili angeweza kumjua kila mmoja kwa jina na kuisikiliza shida yake mezani. Leo vyuo vyetu vina maelfu ya wanafunzi, na maelfu hayahudumiwi kwa kujuana. Yanahudumiwa kwa kanuni zilizoandikwa, zikatangazwa, na zikafuatwa kwa wote.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba kila barua ya udahili wa uzamili iwe na aya moja inayoeleza kama udahili unaweza kuahirishwa, kwa sababu zipi, kwa muda gani, kabla ya tarehe ipi, na kwa gharama gani. Aya moja tu ingeondoa wasiwasi mwingi na safari nyingi za bure. Mtu anayetoka Kilindi au Lushoto asilazimike kupanda basi hadi Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma kwa ajili ya kuuliza swali ambalo jibu lake lingetosha katika mistari minne. Na ombi likifika, lijibiwe katika siku 14, ama kwa kukubali ama kwa kukataa. Jibu la kukataa, likiambatana na sababu, ni heshima kwa mwombaji. Kumwacha mtu bila jibu mpaka muhula uishe ni urasimu usiokuwa na utetezi.

Pasipo kanuni iliyo wazi, upendeleo huingia kwa mlango wa nyuma. Anayemjua mkubwa fulani husubiriwa hata bila barua, na asiyemjua mtu hufutwa hata akiwa na cheti cha hospitali. Jambo hili likiachwa huvunja imani ya wananchi kwa vyuo vyao wenyewe. Maombi haya yaamuliwe na kamati, na uamuzi uwekwe katika kumbukumbu ili anayetaka kukata rufaa apate pa kuanzia.

Waajiri nao hawawezi kukaa kando. Maombi mengi ya kuahirisha yasingekuwapo kama ruhusa za masomo zingejibiwa kwa wakati. Mtumishi anayeomba ruhusa mwezi Mei hastahili kujibiwa mwezi Novemba, wakati wenzake wamekwisha kufanya majaribio ya kwanza. Na mkurugenzi anayemtaka mtumishi wake asubiri mwaka mmoja kwa ajili ya huduma ya wananchi anayo haki ya kusema hivyo, lakini aandike. Atamke katika barua kwamba mwaka ujao ataruhusiwa, amwingize katika mpango wa mafunzo, na aanze kumwandaa atakayeshika kazi. Ahadi ni deni, na deni la namna hii lisipolipwa mtumishi hujifunza kwamba uaminifu wake haukuwa na faida. Mwaka mwingine hataomba ruhusa, ataacha kazi.

Tunajua yatakuwapo mashaka. Baadhi ya walimu wa vyuo watasema kwamba kuruhusu watu kuahirisha kutavuruga mipango, kwani chuo hakitajua mwaka ujao kina wanafunzi wangapi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inapaswa kupimwa pamoja na hali ilivyo leo. Leo chuo hakijui hata mwaka huu kina wanafunzi wangapi mpaka siku ya kujiandikisha ipite. Mwenye kuomba kuahirisha mapema amekipa chuo habari mbili kwa mara moja: kwamba kiti cha mwaka huu ki wazi, na kwamba cha mwaka ujao kina mtu. Chuo kikiweka kikomo cha mwaka mmoja, na kikataka uthibitisho miezi mitatu kabla ya muhula mpya, vurugu inayohofiwa haitakuwapo.

Taifa letu bado lina upungufu wa madaktari bingwa, wahandisi, watafiti wa kilimo na walimu wa vyuo. Kila aliyefaulu na kukubaliwa kusoma zaidi ni hazina ndogo iliyokwisha kugharimiwa kwa miaka mingi, tangu darasa la kwanza. Si halali hazina hiyo ipotee kwa sababu barua moja haikuandikwa, au iliandikwa na haikujibiwa.

Tunatoa wito kwa kila aliyeshika barua ya udahili wiki hii na moyoni mwake anajua kwamba hataweza kuripoti: asinyamaze, aandike sasa, kabla ya tarehe ya kujiandikisha kupita. Tunatoa wito kwa vyuo vitangaze kanuni zao na vijibu maombi. Na kwa waajiri tunasema wazi kwamba mtumishi aliyekubali kungoja kwa ajili ya wananchi atimiziwe ahadi yake, na mwaka ujao mwezi kama huu awe darasani.